Vyombo vya nyumba mpya: bei ya mtandaoni yashinda kweli ya maduka ya Lamu, au twahesabu nusu?

MkaaziWaLangoni

Assalaam alaykum jamaa. Dada yangu anaolewa baada ya mfungo inshallah, na kazi ya kutafuta vyombo vya nyumba nimekabidhiwa mimi. Kunahitajika friji, jiko la gesi la vichwa vinne, blenda, feni mbili, pasi, godoro la sita kwa sita, na simu, maana yake imepasuka kioo. Nyumba iko Mkomani, mtaa wa hapa Lamu mjini, ghorofa ya pili.

Kila nikitaja jambo hili barazani napata majibu mawili. Vijana waniambia fungua simu, huko kila kitu ni rahisi. Wazee waniambia nenda Usita wa Mui, ile njia kuu ya maduka, kwa mtu unayemjua, hata kikiharibika una pa kurudi. Sijamwona wa upande wowote aliyekaa akapiga hesabu mpaka mwisho. Basi nimeipiga mimi, na nataka mnikosoe.

Nimeanza na friji kwa sababu ndilo linalokula pesa. Milango miwili, la saizi ya kati, chapa moja, modeli moja herufi kwa herufi. Mtandaoni 33,999. Duka la hapa mjini 40,000. Mtu akiona tofauti ya elfu sita anabonyeza. Mimi nikaendelea kusoma chini, nikakuta muuzaji yule mizigo mikubwa anaifikisha Mombasa tu. Kutoka hapo ni juu yangu. Tuktuk ya kulipeleka friji stendi, 500. Basi mpaka Mokowe, kule bara tunakopandia boti, kwa mzigo wa ukubwa ule, 2,000. Kulishusha na kuliingiza botini, 300. Boti, 500. Wachukuzi wa kutoka jeti mpaka Mkomani, na ngazi za ghorofa mbili, 700, na hapo wamenionea haya kwa sababu tunajuana. Jumla 4,000. Friji la 33,999 limefika 37,999, na bado halijawashwa.

Tofauti iliyobaki ni elfu mbili na shilingi moja. Mwenye duka ameniambia kulifikisha mpaka jikoni ni kazi yake, na "tukikaa tutaelewana".

Blenda ni habari nyingine kabisa. Mtandaoni 2,450, na kuletewa mpaka Lamu 320. Dukani, ile ile, 3,500. Hapo sioni cha kujadili.

Kwa hiyo nauliza waliokwisha kununua: nyinyi mwahesabu vipi? Bei kwenye kioo cha simu, au bei ya kitu kikiwa ndani ya nyumba?

BintiShela

Wa alaykum salaam kaka, na hongereni kwa arusi.

Mimi nanunua mtandaoni miaka mingi na sitaacha. Lakini si kila kitu, na sababu yangu kubwa si hata unafuu. Ni kwamba mtandaoni bei imeandikwa. Ingia maduka kumi ya mji huu uhesabu mangapi yamebandika bei kwenye bidhaa. Unauliza, unaangaliwa usoni kwanza, kisha unatajiwa. Ukiwa na mgeni wa kizungu umefuatana naye, bei inapanda. Ukiwa mwanamke umekuja peke yako kununua kitu cha umeme, inapanda pia. Nimeshuhudia pasi moja ikitajwa bei mbili katika asubuhi moja, nikiwa nimesimama pale pale kaunta.

Kwa hiyo hata nikitaka kununua dukani, natazama mtandaoni kwanza. Naingia na bei yangu mkononi. Namwonyesha mwenye duka, kwa adabu, namwambia: bwana, hii ndiyo bei yao, ongeza haki yako ya kukileta hapa, tuelewane. Wengi hushuka. Asiyeshuka namshukuru naondoka.

Vitu vyepesi, kaka, chukua mtandaoni bila wasiwasi: blenda, pasi, chaja, kava za simu, taa ndogo za sola, mashuka, vyombo vya plastiki. Kitu ambacho ukikishika kwa mkono mmoja unatembea nacho, nauli yake haiwezi kuimeza faida. Friji na godoro achana nayo.

Na tahadhari moja: ile bei kubwa iliyokatwa mstari juu ya bei ndogo usiitazame kabisa. Kuna wauzaji wanaoipandisha bei kwanza, ndipo wanaikata. Mwezi wa Novemba, wakati wa zile ofa za Ijumaa, utaona "nusu bei" kwenye kitu ambacho Septemba kilikuwa bei hiyo hiyo. Kama una muda, weka kitu kwenye kikapu ukiache, urudi kukitazama wiki baada ya wiki. Utaijua bei yake ya kweli.

DukaLaVyombo_Amu

Nimeusoma uzi huu na roho yangu haikutulia, kwa sababu mimi ni mmoja wa hao wenye maduka. Ndugu Mkaazi, ahsante kwa hesabu yako. Ni mara ya kwanza naona mteja amehesabu wachukuzi.

Nami niwafungulie yangu. Friji la 40,000 sikulinunua 20,000. Nalinunua kwa jumla Mombasa kwa bei isiyo mbali na hiyo unayoiona mtandaoni, wakati mwingine juu yake, kwa sababu wauzaji wakubwa wa mtandaoni wanachukua kontena zima na mimi nachukua mafriji manne. Lori linapakia Mombasa, Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe. Pale mzigo unashushwa, unapakiwa botini, unashushwa tena jeti, unabebwa mpaka stoo. Kila mkono unaougusa unalipwa, na kila mkono waweza kuuangusha. Mlango ukibonyea, hasara ni yangu, mteja hatalitaka. Juu ya hapo kuna kodi ya duka, leseni ya kaunti, umeme na kijana wa kazi. Kisha friji linakaa. Mombasa duka kama langu linauza mafriji kila siku. Hapa moja laweza kukaa miezi, na pesa yangu imelala ndani yake.

Bado sijataja daftari. Yeyote anayeuza Lamu analo. Mwalimu anachukua jiko leo, analipa kidogo kidogo mshahara ukitoka. Mvuvi anachukua feni wakati wa kusi, bahari imechafuka, hana kitu. Analipa kaskazi ikiingia. Sitozi riba, dini hairuhusu na mimi nisingetaka. Hiyo miezi minne ya kungoja ina thamani yake, na haionekani popote mtu anapolinganisha bei yangu na ya simu. Mtandaoni ukikosa shilingi kumi, agizo halipiti.

Na muikumbuke Novemba 2023. Mvua za El Nino zilikata barabara ya Garsen, maji yakajaa pale Lango la Simba, magari yakasimama. Nani alikuwa na sukari, mchele na taa mjini? Aliyekuwa na stoo. Mizigo ya mtandaoni ilikaa huko huko ilikokwama.

Dada wa Shela, la kubandika bei nalikubali. Ni haki yenu. Langu nimebandika, na nimewashauri wenzangu.

MwanaMuEmbe

Bwana wa duka, mchango wako mzuri, lakini usifiche kitu. Hilo daftari lina ndimi mbili. Anayelipa taslimu anatajiwa bei ile ile ya anayekopa, maana yake mimi ninayelipa leo ndiye ninayelipia kungojewa kwa mwenzangu. Ningependa maduka yawe na bei mbili zilizo wazi: ya taslimu na ya kukopa.

DukaLaVyombo_Amu

Swali zuri. Kwangu taslimu inapungua, ndiyo maana nasema "tukikaa tutaelewana". Lakini sitaki kubandika bei mbili, kwa sababu anayekopa ataonekana na wote waliosimama dukani kuwa anakopa. Mji wetu ni mdogo. Sitiri ya mteja ni sehemu ya biashara.

FundiBaridi

Mimi natengeneza mafriji na feni hapa Lamu, kwa hiyo nitasema ninayoyaona yakiwa yamefunguliwa.

Kwanza, "modeli moja" mara nyingi si modeli moja. Nyuma ya friji kuna kibandiko. Soma herufi zote mpaka ya mwisho, kwa sababu kiwanda kimoja hutoa mafriji mawili yenye sura moja na herufi tofauti mwishoni, na ndani yamepishana. Soma lita pia: kuna lita za jumla na lita zinazotumika kweli, na muuzaji wa mtandaoni huandika zile kubwa. Kisha tafuta kibandiko cha nyota. Kanuni za vibandiko vya matumizi ya umeme zimekuwepo Kenya tangu 2016, na friji ni mojawapo ya vifaa vinavyohusika. Nyota zikizidi, tokeni za umeme zinapungua. Friji huwaka mchana na usiku kwa miaka. Elfu mbili unayoiokoa siku ya kununua utairudisha kwa umeme kama umechukua la nyota chache.

Pili, feni na blenda. Nimefungua feni mbili za sura moja, rangi moja, moja imesukwa kwa waya wa shaba, nyingine kwa alumini. Ya alumini ni nyepesi, inapata moto haraka, na kwa joto letu la Februari inaungua. Kwenye picha huwezi kuzitofautisha. Mkononi unajua mara moja, ile ya shaba ni nzito. Blenda nayo, geuza jagi utazame meno ya chini yanayoshika mota: mengine ni ya chuma, mengine ya plastiki. Ya plastiki ukisaga nazi na barafu kila siku, yanalika. Kwa hiyo dada wa Shela, blenda ni nyepesi kubeba kweli, lakini omba picha ya chini ya jagi kabla ya kulipa.

Tatu, na hili naliomba sana: friji lisilazwe. Basi likijaa, watu hulaza friji ubavu juu ya magunia. Mafuta ya kompresa, ile pampu ya friji, yanatiririka yanaingia kwenye mabomba. Likifika nyumbani, furaha ya bwana arusi, wanalichomeka papo hapo. Kompresa inazunguka bila mafuta, inakufa. Kisha muuzaji anasema: umelisafirisha mwenyewe, waranti haipo. Kama ni lazima lilazwe, likifika lisimamishe, liache usiku kucha bila umeme. Na weka kifaa cha kulinda umeme kati ya friji na soketi, kinauzwa hapa hapa mjini, kwa sababu stima ikikatika na kurudi ghafla ndiyo inayoleta wateja wengi kwangu.

Nne, gesi ya kupozea iliyo ndani ya friji. Mafriji mengi mapya yanatumia R600a, ya zamani R134a. R600a inashika moto, haitaki fundi wa kubahatisha na tochi yake. Uliza kabla hujanunua nani atalihudumia.

Na waranti yenyewe: isome inatekelezwa wapi. Waranti ya miaka miwili ambayo kituo chake kiko Mombasa au Nairobi, kwako wewe wa ghorofa ya pili Mkomani, ni ahadi ya kulibeba friji safari nzima tena kwa nauli yako. Duka la hapa likikuambia "nitamtuma fundi", hiyo waranti ina miguu.

Chumvi nayo msiisahau. Usiliweke friji mbele ya dirisha linalotazama bahari, mabomba ya nyuma yanaliwa.

MwalimuFaza

Nyinyi wa Amu mwalalamikia nauli ya Mokowe. Njooni huku kisiwani Pate.

Kitu nikikiagiza, kituo cha karibu cha kukichukulia ni Lamu mjini. Boti ya Faza inapita Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari, na maji yakikauka pale hakuna kupita, yangojwa yajae. Nikienda kuchukua mzigo nalala mjini, nalipa chakula na boti ya kwenda na kurudi. Kwa hiyo sisi hatuagizi kimoja kimoja. Tunajikusanya walimu, mtu mmoja anaagiza vitu vya watu wote, mwenye safari anavichukua, gharama zinagawanywa. Kwa njia hiyo mtandao unatufaa kuliko nyinyi, kwa sababu maduka ya huku yananunua Lamu mjini, na bei ikifika kwetu imekwisha kuongezwa mara mbili. Vitabu vya ziada vya wanafunzi, kikokotoo, betri za redio, viatu vya michezo: mtandaoni, bila shaka.

Lakini chakula na saruji, hapana. Vizito vije na jahazi kama vilivyokuja siku zote.

Malindi_Barani

Nawasalimu kutoka Malindi. Kwetu hesabu ni nyingine, na sababu yake ni barabara. Mombasa ni kama kilomita 120, lami, matatu usiku na mchana, hakuna bahari ya kuvuka. Kuagiza ni rahisi, vituo vya kuchukulia mizigo viko mjini. Mngedhani basi mtandao umetumaliza maduka. La. Mwenye duka wa Malindi anakwenda Mombasa asubuhi anarudi jioni, na jirani yake anauza kitu kile kile hatua tatu kutoka kwake. Hawawezi kupandisha. Nimelinganisha magodoro, majiko na simu, na duka la Malindi likikosa kuwa rahisi, tofauti haizidi nauli ya tuktuk.

Mimi nadhani mnaulizana mtandao au duka, na kumbe kinachoamua bei ni wangapi wanakiuza kitu hicho karibu nawe. Maduka yakiwa matatu yenye friji hilo, bei ni nzuri. Likiwa moja, hata liwe la mjomba wako, utalipa. Mkaazi, kama una jamaa Malindi, friji lichukue Malindi. Umekwisha kuliona kwa macho, basi linalipitia njiani, na umeondoa tuktuk ya Mombasa.

WakalaWaKilindini

Nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Mombasa. Naona hakuna aliyetaja kuagiza moja kwa moja kutoka Uchina, na najua vijana wengi wanafanya hivyo kwa sababu bei ile inapofusha macho.

Tuchukue mfano. Kitu pamoja na usafiri na bima kimefika 10,000. Kama kiko katika kundi la bidhaa zilizokamilika, ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki ni asilimia 25, yaani 2,500. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, haihesabiwi kwenye zile 10,000 peke yake. Inahesabiwa juu ya 12,500, inakuwa 2,000. Umefika 14,500, kabla ya tozo ndogo za uagizaji na reli. Na kuna bidhaa ambazo tangu Julai 2022 zimewekwa kwenye asilimia 35. Mwenye duka wa Lamu kodi hizo zimo ndani ya bei yake tayari, alizilipa aliyeleta kontena. Majukwaa mengine hukuonyesha bei iliyojumlisha kodi na mengine hayakuonyeshi, basi hakikisha kabla hujalipa, usije ukatakiwa pesa nyingine wakati wa kuchukua mzigo.

Pia angalia umeme. Sisi tunatumia volti 240 na plagi ya miguu mitatu ya mraba. Kuna vifaa vya volti 110 vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani vinavyouzwa rahisi sana. Ukikichomeka hapa ni moshi.

KijanaWaHindi

Kwa simu tafadhali msiwe na haraka. Mimi nilitumia pesa kwa muuzaji wa mtandao mmoja wa matangazo ya bure, akaniambia amepakia simu kwenye basi, akanitumia hata picha ya risiti ya mzigo. Basi likafika Mokowe, mzigo hakuna, namba imezimwa. Ilikuwa pesa ya korosho ya baba yangu, na mpaka leo inaniuma kumwangalia usoni.

MkaaziWaLangoni

Pole sana ndugu. Mungu atakulipa bora zaidi.

BintiShela

Pole mdogo wangu. Kwa faida ya wengine: kuna tofauti kubwa kati ya soko linaloshika pesa au linalokuruhusu kulipa mzigo ukiwa mbele yako, na ukurasa wa matangazo tu ambapo wewe na muuzaji mnaachiwa mwenyewe kwa wenyewe. Kilimall na Jumia ni la aina ya kwanza. Jiji, iliyochukua OLX ya Kenya mwaka 2019, ni matangazo: nenda ukakione kitu, au umtume mtu wako wa Mombasa akakione, ndipo pesa itoke. Usitume hata ya "kushikilia".

Ukiona umekosea au umetapeliwa kwa M-Pesa, tuma ujumbe ule wa muamala kwenda 456 saa ile ile. Akishazitoa, ni vigumu. Na simu yoyote, ya dukani au ya mtandaoni, piga *#06# uipate namba yake ya utambulisho, uitume kwa 1555. Tume ya Mawasiliano, ambayo sasa ni Mamlaka, iliiweka huduma hiyo wakati ule wa kuzima simu bandia mwaka 2012. Itakuambia ni chapa gani na modeli gani. Majibu yakipishana na kilichoandikwa kwenye boksi, rudisha papo hapo.

MwanaMuEmbe

Niongeze neno kuhusu haki, maana watu wanadhani ukishanunua basi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, haki ya kupewa maelezo anayohitaji, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na bidhaa mbovu. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 ikafuatia. Hayabagui duka la mtandaoni na la Langoni. Lile bango la "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" halifuti haki hiyo kwa kitu kilichokuwa kibovu tangu dukani. Wekeni risiti. Wenye maduka wetu, toeni risiti bila kuombwa.

DukaLaVyombo_Amu

Naongeza jambo ambalo sikulisema mwanzo, kwa sababu naona vijana hapa wana akili ya biashara.

Mtandao hautaondoka na sitaki uondoke. Lakini nao gharama ya kufikisha mzigo inawatesa kama inavyonitesa mimi. Copia, kampuni ya mauzo ya mtandaoni, walijaribu njia ambayo niliipenda nilipoisoma: mteja wa kijijini anaagiza kupitia mwenye duka wa kijijini, mzigo unaletwa kwake, naye anapata chake. Mei 2024 waliwekwa chini ya wasimamizi wa kampuni zilizoelemewa na madeni. Jumia nao waliondoka Tanzania Novemba 2019. Kufikisha kitu mbali kwa bei ndogo ni kazi ngumu kwa kila mtu, awe na programu au awe na punda.

Ndiyo maana nasema, kwa vitu visivyokaa dukani kwangu, niambieni. Mimi nina lori linalokuja. Mtu akitaka friji ambalo sina, anipe modeli, nilitafute Mombasa, lije na mzigo wangu limesimama, na nichukue faida ndogo. Sioni aibu kufanya kazi hiyo. Ni bora kuliko kukaa kaunta kulaumu simu.

FundiBaridi

Hilo ndilo nililokuwa nalingoja. Likija na lori lako limesimama, mimi nimepoteza mteja, lakini nafurahi.

MkaaziWaLangoni

Nimerudi, na nimepata zaidi ya nilichoomba. Nimekaa na dada yangu na mama, tukapitia uzi wote.

Blenda, pasi na mashuka tumeagiza mtandaoni. Muuzaji wa blenda nilimwomba picha ya chini ya jagi kama alivyosema fundi. Wa kwanza hakujibu, wa pili alituma, meno ni ya chuma. Bei yake imezidi kidogo, 2,700, na bado iko chini ya duka.

Simu tumechukua dukani hapa mjini. Ilikuwa imezidi ya mtandaoni kwa 900. Dada aliishika, akajaribu kamera, tukatuma namba kwa 1555 mbele ya kijana wa duka na majibu yakalingana. Mimi naona hizo 900 zimenunua kitu.

Feni nilipima kwa mkono. Bwana, tofauti ya uzito ni kubwa, sikuamini. Zile nyepesi zimebaki dukani.

Godoro tumepata hapa hapa. Niliuliza Malindi, bei ilikuwa nzuri, lakini basi wanatoza godoro kama abiria wawili.

Limebaki friji. Nilimwendea mwenye duka, si huyu wa uzi, yule wa mwanzo, nikamwonyesha 33,999 na karatasi ya nauli zangu. Tukaelewana 37,500 mpaka jikoni, na fundi aje atazame kama limekaa sawa. Hiyo iko chini ya hesabu yangu ya 37,999. Kabla sijalipa, kuna mtu ana neno?

FundiBaridi

Nyota ngapi?

MkaaziWaLangoni

Tatu.

FundiBaridi

Yafaa. Umepima mlango?

MkaaziWaLangoni

Mlango wa jikoni umepita.

DukaLaVyombo_Amu

Si wa jikoni, mwanangu. Nyumba za mawe za Mkomani, kazi iko kwenye ngazi. Pima upana wa ngazi pale kwenye kona, kutoka ukuta mpaka ukuta, kisha upime friji likiwa ndani ya boksi na likiwa nje ya boksi. Kona ikikataa, litolewe boksi chini ukumbini, milango ifungwe kwa kamba, lipandishwe na watu wanne, wawili juu wawili chini. Mimi nimewahi kulirudisha friji dukani kutoka kwenye ngazi ya tatu. Na kichochoro cha kuingilia, kile cha nyuma ya msikiti, asubuhi punda wanapita na mchanga. Mwambie muuzaji wako alilete baada ya Alasiri.

MkaaziWaLangoni

Nimepima sasa hivi. Kona ina sentimita 71, friji bila boksi ni 58. Ndani ya boksi halipiti. Namwambia alitoe chini. Wachukuzi wanne nimewapata, waja kesho baada ya Alasiri.